Akitulia Kuliko Kawaida Yake: Namna ya Kufuatilia Mtoto Anavyocheza Tumboni

Mimi ni mkunga, na kliniki naulizwa kila mara mtoto acheze mara ngapi kwa siku. Hakuna namba inayomfaa kila mtoto. Jua kawaida ya mtoto wako, hasa kuanzia wiki ya 28.

Anza jioni, wakati watoto wengi huchangamka. Kojoa kwanza, weka simu pembeni, ulale kwa ubavu. Usilale chali, maana mfuko wa uzazi ukishakuwa mzito hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua. Weka kiganja tumboni. Teke, kujigeuza, kisigino kinachosukuma mpaka tumbo linachongoka upande mmoja, vyote hesabu. Kwikwi, yale mapigo madogo yanayofuatana kwa mpangilio, usiihesabu.

Akinyamaza kidogo usishtuke. Miezi ya mwisho hulala sehemu kubwa ya siku. Kuna usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope na ubongo hutumia oksijeni na sukari nyingi zaidi. Kuna mwingine wa kutulia tuli, mara nyingi dakika 20 hadi 40, na ni nadra kupita 90.

Utulivu wa kuogopa ni ule wa kukosa oksijeni. Hapo mwili wake hufanya kama nyumba yenye njaa: kilichopo hugawiwa kwanza wasioweza kuvumilia. Damu huelekezwa ubongoni na moyoni, miguu na utumbo vikapunjwa. Kurusha mateke kunakula oksijeni, basi anaacha. Kwa hiyo kifaa cha kusikilizia mapigo nyumbani kisikutulize: moyo unaweza kuendelea kudunda huku mtoto yuko taabani.

Ukiwa na wasiwasi tu, lala kwa ubavu uhesabu kwa saa 2. Mateke na misukumo yake yasipofika 10, nenda hospitali. Ukiona wazi kwamba amepungua, usihesabu wala usinywe soda baridi ili kumwamsha. Chukua kadi ya kliniki uondoke, hata kama ni saa 8 usiku.

Mama mkwe akisema watoto hupunguza kucheza wakikaribia kuzaliwa, mjibu kwa adabu, lakini usikubali. Nafasi ikibana, mateke huwa misukumo, kupungua hakutakiwi. Na ukipimwa ukaruhusiwa, kisha akatulia tena kesho yake, rudi bila kuona haya.