Kupima kampeni ya chanjo ya surua: watafute waliokosa

Kampeni imeisha na ripoti inasema: watoto waliolengwa wamefikiwa kwa asilimia 105. Usipige makofi bado.

Hatua ya 1: Kagua idadi ya walengwa. Asilimia hiyo ni dozi zilizotolewa kugawanya kwa walengwa, na walengwa mara nyingi ni makadirio ya sensa iliyochakaa. Tuseme dozi 12,600 kwa walengwa 12,000. Kumbe watoto ni 15,000: umeshuka hadi 84%, wakati kuzuia surua isienee kunadai 95%. Pitia na vichupa vya chanjo. Cha dozi kumi kikishafunguliwa hutupwa baada ya muda wa saa sita hata kikibaki na dozi, kwa hiyo kituo cha kijijini kisichoripoti hata dozi moja iliyopotea kinanitia shaka.

Hatua ya 2: Chagua kaya za kutembelea kwa bahati nasibu. Teua maeneo kulingana na wingi wa watu, orodhesha kaya zote, kisha chagua. Wadodosaji hupenda nyumba za kando ya barabara, na huko ndiko wachanjaji nao walikopita. Mlango ukifungwa, rudi jioni. Usihamie kwa jirani. Mama anayeshinda shambani ndiye ambaye kampeni ilimkosa.

Hatua ya 3: Uliza vizuri mlangoni. Hapa ndipo tathmini nyingi huharibika. Omba kadi kwanza, kisha tazama alama ya wino kidoleni kama ilitumika (nenda mapema, wino hufutika), mwisho sikiliza kumbukumbu ya mlezi. Andika kila ushahidi kwenye safu yake. Ukiuliza tu “Alichanjwa?” utajibiwa ndiyo, hata kama mtoto alipewa matone ya polio. Uliza: “Alipewa matone mdomoni, au alichomwa sindano mkononi?”

Kisha swali ambalo dodoso nyingi hulisahau: “Kabla ya kampeni hii, aliwahi kuchanjwa surua?” Bila hilo hutajua kama kampeni iliwafikia wasiowahi kupata dozi hata moja, au iliwarudia walewale waliokwisha kuchanjwa kliniki.

Hatua ya 4: Sababu za kukosa. “Hatukusikia” na “tulikataa” usiziweke kapu moja; ya kwanza inatibiwa na kipaza sauti, ya pili na mazungumzo marefu.

Hatua ya 5: Chambua. Anza na wasiowahi kuchanjwa: wangapi kati yao walipata safari hii, na waliobaki wako maeneo gani? Peleka majina ya maeneo hayo kwa timu ya wilaya kabla hujaanza kuandika ripoti.