Jinsi ya kufuatilia kitabu cha historia kikivuka kutoka kwa Waislamu kwenda kwa Wazungu na kurudi (anzia Kilwa)

Wapenda historia wengi hapa Nairobi wameshika upande mmoja tu, kuna yule wa madrasa anakutajia wanahistoria wa Kiislamu kama Tabari na Ibn Khaldun, kuna yule wa chuo anakutajia wanahistoria wa Kiingereza kama Gibbon na Toynbee, na kila mmoja anaona wa mwenzake ni mambo ya watu wengine kabisa. Si kweli jamani. Hawa watu wamesomana kwa zaidi ya miaka elfu, na ukitaka kuiona hiyo kitu kwa macho yako usianze na nadharia, chagua kitabu kimoja tu ukifuate mkono kwa mkono: nani alikiandika, nani akakinakili, kikalala wapi, na nani wa upande ule mwingine alikifungua akakifanyia nini.

Anza na cha nyumbani, yaani historia ya Kilwa, kwa sababu imetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya João de Barros, Mreno, aliyeichapisha 1552 ndani ya kitabu chake kikubwa cha safari na vita vya Wareno huku Bahari ya Hindi. Ya pili ni ya Kiarabu, na nakala tuliyo nayo iliandikwa Zanzibar 1877 kwa ajili ya John Kirk, balozi wa Uingereza, siku hizi iko British Library, London. Sasa ona, Barros hakuwahi kukanyaga pwani yetu, alikuwa Ureno na makaratasi yake, na alipotaka kuwaeleza wasomaji wake Kilwa ilianza vipi ilibidi ategemee tarikh, yaani historia iliyoandikwa, ya wafalme wa Kilwa wenyewe. Kwa hivyo ukifungua ile historia ya kujisifu ya dola ya Ureno, unakuta katikati yake kuna masimulizi ya Waislamu wa Kilwa yamekaa.

Chukua karatasi uigawe kwa mstari katikati. Upande wa kushoto weka ya Barros: sultani wa Shiraz anakufa anaacha wana saba, mmoja wao Ali anadharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake ni mtumwa wa Kihabeshi, basi anaondoka Hormuz na merikebu mbili. Kulia weka ya Kiarabu: merikebu ni saba, baba na wanawe sita, kila merikebu inatia nanga mahali pake. Ukishaandika usikimbilie kuuliza nani anadanganya. Uliza kwanza huyu amepata kwa nani, na mbele ya nani ilikuwa na faida kusimulia hivyo, maana familia inayodai babu mmoja na miji inayodai baba na wanawe sita hazitafuti kitu kimoja.

Hapo ndio unahitaji vifaa vya pande zote mbili. Cha kwanza ni isnad, yaani mnyororo wa wapokezi wa habari. Tabari, aliyefariki Baghdad 923, anakutajia fulani kapokea kwa fulani, na masimulizi yakigongana mara nyingi anayaweka yote mbele yako uamue mwenyewe. Mimi naona huo ni uaminifu mkubwa sana kwa msomaji na bado hatujaupa heshima yake. Na si mimi tu, Asad Rustum, Mlebanoni aliyesomea Chicago, alitoa kitabu cha Kiarabu 1939 kuhusu mbinu za historia, na ndani yake anawaweka wanazuoni wa hadithi za Mtume pamoja na walimu wa Kifaransa Langlois na Seignobos, anaonyesha ni kwa kiasi gani ukaguzi wao wa mashahidi unakutana. Kifaa cha pili ni udongo, yaani akiolojia. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya 1960 aliona utawala wa Ali bin al-Hasan, yule Ali wa masimulizi, ulianza kama mwisho wa karne ya 12, halafu 1984 ikapatikana hazina ya sarafu kule Mtambwe Mkuu, Pemba, zikiwemo za Ali huyo huyo, na ikabidi watu warudi nyuma hadi karne ya 11. Andika hilo pia kwenye karatasi yako, chini, pande zote mbili.

Ukimaliza Kilwa jaribu mnyororo mrefu zaidi. Orosius, padri Mkristo wa karne ya 5, aliandika kwa Kilatini historia ya dunia dhidi ya wapagani. Ikatafsiriwa Kiarabu kule Andalusia, na karne nyingi baadaye Ibn Khaldun anaitumia kwa habari za Warumi na anamtaja kwa jina. Muqaddima, utangulizi wa historia yake kubwa, aliiandika 1377, kisha tunaruka hadi Paris, msomi Mfaransa Silvestre de Sacy anatoa vipande vyake 1806, Mfaransa mwingine, Quatremère, anachapisha Kiarabu chake 1858, mwaka mmoja tu baada ya ile iliyochapishwa Bulaq kule Misri, na kizazi cha baadaye mwandishi Taha Hussein anatoka Misri anaenda Paris kuandika tasnifu ya udaktari juu ya Ibn Khaldun. Padri kwa kadhi, kadhi kwa Mfaransa, Mfaransa kwa Mmisri!

Lakini kuwa mkali. Mtandaoni utaambiwa Machiavelli, yule mwandishi Mwitaliano wa siasa, aliiba kwa Ibn Khaldun, na mtu anayesema hivyo muulize swali moja tu, nakala gani, ilimfikia kwa mkono wa nani? Kufanana si ushahidi. Na yule anayesema Waislamu walifundishwa kuhoji habari na Wazungu mpeleke mwanzo wa Muqaddima, pale Ibn Khaldun anapomkagua Mas'udi, mwanahistoria Mwislamu wa kabla yake, aliyenukuu kwamba jeshi la Musa lilikuwa watu 600,000 na zaidi: anauliza Misri na Sham zingewalisha vipi, na wangepigana vipi safu za mbele zisijue za nyuma zinafanya nini. Hiyo ni miaka mingi sana kabla ya vyuo vya Ulaya kufundisha mbinu kama hizo.

Vitabu unapata wapi? Tafsiri ya Kiingereza ya Muqaddima iliyofanywa na Rosenthal, ya 1958, ni mabuku matatu, iko pia ile fupi ya kitabu kimoja inayotosha kuanzia. Ulizia maktaba ya McMillan pale Banda Street, ukitoka hapo msikiti wa Jamia uko jirani tu, na kwa mambo ya Kilwa na sarafu jaribu maktaba ya British Institute in Eastern Africa. Tafsiri za zamani za Kifaransa ziko bure intaneti. Na tafadhali usisome peke yako, shikana na mtu wa upande ule mwingine, wewe wa chuo mtafute ustadh, kila mmoja alete ukurasa mmoja anaoujua vizuri amsomee mwenzake.

Mkishaelewana hapo nendeni kwa Habari za Pate, yaani historia ya kisiwa cha Pate, ambazo nyingi zilifika uchapishaji kupitia kwa Waingereza kama Stigand, 1913, zikisimuliwa na wazee wa Pate. Karatasi ile ile, mstari katikati, ila safari hii kushoto andikeni mzee alisema nini na kulia afisa alikuwa anataka kujua nini.