Namna ya Kusanifu Injini ya Antimata kwa Safari ya Nyota: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Fizikia wa Unguja na Pemba

Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyekwisha kusoma logi asilia na uga wa sumaku anazo zana za kutosha kuanza kusanifu, ndani ya daftari lake, injini ya kupeleka chombo kwenye nyota jirani kwa antimata, yaani mata ya chembe zenye chaji iliyo kinyume na za kawaida, ambayo ikikutana na mata ya kawaida zote mbili huteketea na kutoa nishati. Wengi wanaoijaribu kazi hii katika skuli zetu huanza kwa kuichora injini, ilhali ugumu mkubwa uko katika kuipata antimata na kuitunza, na hesabu ikipangwa vizuri hulidhihirisha hilo mapema.

Anza na safari. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, na chombo cha Voyager 1, kiendacho kilomita 17 hivi kwa sekunde, kingehitaji takriban miaka 75,000 kuumaliza umbali huo. Jiwekee lengo la asilimia 10 ya kasi ya mwanga, ambalo litakupa safari ya zaidi kidogo ya miaka 42, kisha uamue kama chombo kitasimama kikifika au kitapita tu. Kikisimama, injini italazimika kukiongezea mwendo na baadaye kuuondoa wote, kwa hiyo badiliko la mwendo litakuwa asilimia 20 ya kasi ya mwanga.

Sasa tumia mlinganyo wa Tsiolkovsky wa mwaka 1903: gawanya badiliko la mwendo kwa kasi ambayo fueli iliyotumika hutoka nayo nyuma ya roketi, na jibu hilo liwe kipeo cha e, yaani kizio cha logi asilia, utapata uwiano wa tungamo la chombo kikiwa kimejazwa na tungamo lake kikiwa kitupu. Kwa roketi ya hidrojeni na oksijeni, ambayo kasi hiyo ni kilomita 4.5 hivi kwa sekunde, kipeo kinapita 13,000 na kikokotoo kitakataa kutoa jibu. Kwa injini ya antimata makisio yaliyochapishwa hutofautiana: baadhi ya wataalamu walichukua theluthi moja ya kasi ya mwanga, na mwaka 2012 Ronan Keane na Wei-Ming Zhang, kwa uigaji wa kompyuta, walifikia asilimia 69. Ukichukua theluthi, uwiano ni 1.82, chombo kitupu cha tani 100 kitahitaji tani 82 za fueli, na nusu yake, tani 41, iwe antimata. Kumbuka kwamba mlinganyo huu unachukulia kuwa fueli yote inasukuma, jambo ambalo hapa si kweli, na kwa hiyo mahitaji halisi yatazidi.

Hatua inayofuata ni kuchagua chembe. Positroni, yaani antichembe ya elektroni, iliyogunduliwa na Carl Anderson mwaka 1932, ni rahisi kupatikana. Hata ndizi mbivu hutoa positroni chache kwa siku kutokana na potasiamu 40 iliyomo. Lakini positroni ikikutana na elektroni zote mbili hugeuka miale ya gama, ambayo haina chaji na sumaku haiwezi kuielekeza. Antiprotoni, yaani antichembe ya protoni, iliyogunduliwa mwaka 1955 huko Berkeley, inafaa zaidi, kwa kuwa ikiteketea pamoja na protoni huzaa chembe za muda mfupi ziitwazo pioni, nyingi kati yake zikiwa na chaji. Pioni zenye chaji huenda kwa wastani wa asilimia 94 ya kasi ya mwanga na husafiri mita 21 hivi kabla ya kuvunjika kuwa chembe nyepesi zaidi ziitwazo myuoni, na katika nafasi hiyo uga wenye nguvu wa sumaku unaweza kuzigeuza zitoke nyuma. Pioni zisizo na chaji huvunjika papo hapo kuwa gama, zikichukua takriban theluthi ya nishati yote. Nishati hiyo haisukumi chombo, bali hukipasha joto, hivyo sumaku na abiria lazima wakingwe.

Hapo ndipo uingie kwenye uzalishaji, na hapa usiharakishe. Gramu moja ya antimata ina nishati ya kilowati-saa milioni 25. Vifaa vya leo, kama vile vya CERN, kituo cha utafiti wa chembe karibu na Geneva, huhifadhi katika antimata kiasi cha sehemu moja ya bilioni ya nishati inayotumika kuizalisha, kwa hiyo gramu moja ingedai kilowati-saa 25,000,000,000,000,000. Ulinganishe na waya wa umeme wa baharini uliozinduliwa mwaka 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 100: ukifanya kazi kwa ukamilifu bila kuzimwa, ungechukua zaidi ya miaka milioni 28 kuleta umeme huo, na hiyo ni gramu moja tu kati ya tani 41. Ninaamini kila msanifu anapaswa kuifanya hesabu hii kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu inaonesha kuwa kuongeza ufanisi wa uzalishaji kuna thamani kubwa kuliko uboreshaji wowote wa injini.

Utunzaji nao una masharti yake. Antiprotoni hufungwa ndani ya mtego wa Penning, kwa uga wa umeme na wa sumaku, katika ombwe na baridi kali, na kikundi cha BASE hapo CERN kimewahi kuzihifadhi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hata hivyo chembe zenye chaji moja husukumana, ndiyo maana mtego haubebi nyingi. Antihaidrojeni, yaani atomu ya antiprotoni na positroni isiyo na chaji, haina tatizo hilo, lakini kikundi cha ALPHA kilipofanikiwa kuinasa kwa mara ya kwanza, mwaka 2010, kilipata atomu 38. Tuliokaa Unguja bila umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kuelezwa kwa nini mtego usitegemee chanzo kimoja cha umeme: mtego ukizimika, antimata hugusa kuta na kuteketea.

Kwa mradi unaoweza kukamilika mapema zaidi, soma wazo la chombo cha ICAN-II la Pennsylvania State University, ambamo antiprotoni chache huchochea mpasuko wa urani, na hesabu yake ni ya nanogramu badala ya tani.

Kwa sasa chagua sehemu moja tu. Ninapendekeza mdomo wa sumaku, yaani uga unaozigeuza pioni zitoke nyuma, kwa kuwa Geant4, programu ya kuiga mwendo wa chembe, ni ya bure na kwa kazi ndogo huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya chuo. Anza bila sumaku yoyote, zalisha pioni zenye chaji kwa asilimia 94 ya kasi ya mwanga, na upime wastani wa umbali zinaosafiri kabla ya kuvunjika. Usipopata takriban mita 21, rekebisha kwanza vipimo vya nishati ulivyoingiza, ndipo uongeze uga wa sumaku.