Somo: Kupanga funguo za faili la JSON kwa jq

Watu wawili wanapohariri faili moja la mipangilio, mmoja akaongeza ufunguo (jina la thamani) mwishoni na mwenzake akahamisha nyingine juu, Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili) huonyesha mistari mingi iliyobadilika ilhali thamani iliyobadilika ni moja tu. Dawa yake ni jq, programu ya terminali iliyoanzishwa na Stephen Dolan mwaka 2012, ambayo husoma JSON (muundo wa maandishi unaohifadhi data kwa funguo na thamani zake) na kuitoa upya ikiwa imepangwa.

Hatua ya 1. Isakinishe kwa `sudo apt install jq` kwenye Ubuntu, au `brew install jq` kwenye macOS. Hakikisha unapata toleo la 1.7 au jipya zaidi, kwa sababu matoleo ya nyuma huharibu namba ndefu: 9007199254740993 hutoka ikiishia na 2.

Hatua ya 2. Tuseme mipangilio.json ina mstari huu:

`{"seva":"10.0.0.5","poti":8080,"njia":["b","a"]}`

Andika `jq -S . mipangilio.json`. Utaona "njia" imetangulia, ikafuata "poti", kisha "seva". Funguo zilizo ndani ya funguo nyingine nazo hupangwa vivyo hivyo. Lakini ndani ya "njia", b bado iko mbele ya a. jq haigusi mpangilio wa safu (orodha iliyo ndani ya mabano [ ]), na nadhani inafanya vyema, kwa kuwa katika safu mara nyingi cha kwanza ndicho kinachojaribiwa kwanza.

Hatua ya 3. Hifadhi matokeo, na hapa uwe mwangalifu. Ukiandika `jq -S . mipangilio.json > mipangilio.json`, sheli (programu inayopokea amri zako) hufuta yaliyomo katika faili kabla jq haijaanza kulisoma, nawe unabaki na baiti 0. (Mimi nilijifunza hilo jioni moja, nikiwa sijafanya komiti, yaani kuhifadhi mabadiliko katika Git, tangu asubuhi.) Andika hivi:

`jq -S . mipangilio.json > muda.json && mv muda.json mipangilio.json`

Alama za && huzuia faili la zamani lisifunikwe endapo jq itakuta kosa.

Hatua ya 4. Weka `jq -S . mipangilio.json | diff -q - mipangilio.json` iwe amri ya mwisho katika .git/hooks/pre-commit, faili ambalo Git huliendesha kabla ya kila komiti, kisha lipe faili hilo ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`. mipangilio.json isipopangwa, diff huona tofauti na komiti hukataliwa.

MASWALI

Swali: Mwalimu, faili langu lina maelezo yanayoanza na // na jq inalikataa. Nifanyeje?
Jibu: JSON halisi haina maelezo ya namna hiyo. Yahamishie kwenye ufunguo kama "_maelezo", ila hakikisha kwanza kwamba programu inayosoma faili hilo haikatai funguo isizozijua.

Swali: Mbona "Zanzibar" imetangulia "arusha"?
Jibu: jq hufuata namba za Unicode (namba ambayo kila herufi hupewa kwenye kompyuta), na humo Z ni 90 ilhali a ni 97.

Swali: Na orodha ya kawaida, kila jina na mstari wake?
Jibu: Tumia `LC_ALL=C sort -o orodha.txt orodha.txt`. Hapa kutaja faili lilelile mara mbili ni salama, maana sort husoma yote kabla ya kuandika, na LC_ALL=C hufanya kompyuta zenye lugha tofauti zitoe mpangilio mmoja.

Swali: Basi hata .gitignore, faili la kanuni za mafaili ambayo Git iyapuuze, naweza kuipanga hivyo?
Jibu: Hapana, ndugu. Humo kanuni ya chini hutengua ya juu yake. Ukiwa na `*.log` na chini yake `!muhimu.log`, sort itapandisha ile yenye alama ya mshangao juu, na muhimu.log itapuuzwa pamoja na nyingine.