Jinsi ya Kuusoma Mji wa Monpazier kwa Miguu

Wageni wengi wakifika Monpazier, kusini-magharibi mwa Ufaransa, hukimbilia kutafuta ngome. Wanaanzia mwisho. Mji huu ulianzishwa mwaka 1284 na Edward I, mfalme wa Uingereza aliyekuwa pia mtawala wa Aquitaine, yaani eneo hili la Ufaransa, kwa makubaliano na bwana wa Biron, kabaila wa jirani. Edward alitaka kulinda mpaka wake, lakini alitaka pia kodi za viwanja na ushuru wa soko. Ardhi ilipimwa kwanza.

Kwa hiyo anza na kiwanja. Chukua nyumba moja na uipime kwa hatua: takriban mita 8 mbele na mita 20 kwenda nyuma. Viwanja vililingana, asipendelewe mtu. Mbele pana barabara. Zunguka nyuma utokee kwenye kichochoro, ambacho wenyeji hukiita carreyrou.

Sasa chungulia kati ya nyumba mbili. Utaona mwanya wa sentimita 25 au 30 hivi, mkono unapita, mwili haupiti. Huo ndio androne. Wengi hudhani ni ufa au kosa la fundi, kumbe uliachwa makusudi: moto usiruke kutoka paa hadi paa, na maji ya mvua na taka vipate pa kupita. Tukiulizwa kitu kimoja tu cha kutazama Monpazier, ni huu mwanya.

Ingia uwanja wa katikati. Umezungukwa na baraza zenye matao, ambapo wafanyabiashara walipanga bidhaa bila kunyeshewa. Matao hayafanani, kwa sababu nyumba zilijengwa upya nyakati tofauti. Usiseme soko la mbao ni la 1284. Ni la karne ya 16, na ndani yake bado vipo vipimo vya nafaka. Kanisa nalo halikupewa uwanja. Liko pembeni, nje ya kona yake.

Kuta ziache mwisho. Mji ni mstatili wa mita 400 kwa 220, na kati ya malango sita yamebaki matatu. Simama chini ya lango moja utazame ndani: barabara inanyooka moja kwa moja hadi upande wa pili, kama kamba ya mpimaji ilivyovutwa.