Siku Moja ya Sauti za Busara Ukiwa Peke Yako

Watu wengi huahirisha kwenda kwenye tamasha la muziki kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hawajapata mtu wa kwenda naye. Rafiki mmoja amebanwa na kazi, mwingine hana nauli, na wa tatu hukubali kwa maneno matamu mpaka siku ya safari, ambapo simu yake huita bila kupokelewa. Mimi niliacha kungoja miaka kadhaa iliyopita, nikavuka bahari peke yangu kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kusikiliza Sauti za Busara, na tangu hapo kila ufikapo mwezi wa Januari jamaa huniuliza jinsi safari ya namna hiyo inavyopangwa. Maelezo yafuatayo ni ya mtu anayetaka kukaa siku moja katika tamasha hilo, mchana hadi usiku, bila mwenzake.

Ukitafakari utaona kwamba mwenzako wa tamasha hukufanyia kazi tatu ambazo huzioni mpaka akosekane: hukushikia nafasi unapokwenda msalani, hukuangalizia mzigo unapocheza, na hukukumbusha njia ya kurudi mlikofikia. Anayekwenda peke yake hana budi kuzipanga kazi hizo tatu mapema, kabla ya ala ya kwanza kulia.

Sauti za Busara lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na hufanyika mwezi wa Februari katika Mji Mkongwe. Kitovu chake kwa miaka mingi kimekuwa Ngome Kongwe, ngome iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kuondolewa kisiwani. Kuta hizo ni msaada mkubwa kwa mtu aliye peke yake, kwa kuwa eneo ni dogo, lina lango linalosimamiwa, na huwezi kupotea ndani yake hata ukitaka. Hata hivyo ratiba na viwanja hubadilika mwaka hadi mwaka, na mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha. Kwa hiyo soma tangazo rasmi la mwaka husika kabla ya kulipia chochote.

Jambo la kwanza kuamua ni malazi. Boti za mwendo kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja huchukua takriban saa mbili, na mtu asiyezoea hufikiri kwamba anaweza kwenda asubuhi na kurudi siku hiyohiyo. Hawezi, kwa sababu boti ya mwisho huwa imekwisha kuondoka wakati muziki wa Ngome Kongwe ndio kwanza unapamba moto, na maonyesho makubwa huendelea hadi baada ya saa sita za usiku. Siku moja ya tamasha, basi, ni lazima iwe na usiku wake. Chukua chumba ndani ya Mji Mkongwe hata kama ni kidogo na feni yake inalia, badala ya chumba kizuri nje ya mji kitakachokulazimu kutafuta gari usiku wa manane. Weka nafasi mapema, kwani mwezi wa Februari nyumba za wageni hujaa.

Chukua kitambulisho halisi na usitegemee picha yake iliyo kwenye simu. Utakihitaji kukata tiketi ya boti, na utakihitaji tena kwenye lango la tamasha, ambako raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni. Tiketi ya kiingilio nayo ichapishe kwenye karatasi. Ninasema hivyo kwa uzoefu mchungu: safari yangu ya pili nilipiga picha mchana kutwa, nikafika langoni jioni na simu iliyozimika, tiketi yangu ikiwa imefungiwa humo ndani kama mali ya marehemu. Kijana wa langoni alikuwa muungwana, akanionyesha duka la jirani lenye umeme, lakini bendi niliyoivukia bahari niliisikiliza kutoka nje ya ukuta kwa muda wa nusu saa nzima.

Ukishuka bandarini Malindi, huna haja ya teksi. Fuata Barabara ya Mizingani kwa miguu, bahari ikiwa mkono wako wa kulia, upite Mti Mkubwa, kisha Kasri la masultani, kisha Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ambalo sehemu yake iliporomoka mwezi Desemba 2020, na jengo linalofuata ndilo Ngome Kongwe, likitazamana na bustani ya Forodhani. Ni mwendo wa robo saa hivi. Nenda kwanza ukaache mzigo chumbani, kisha fanya kazi moja ambayo wengi huiona ya kitoto: tembea kutoka chumbani hadi Ngome na kurudi, mara mbili, mchana kweupe, ukitaja kwa sauti ndogo kila alama ya njiani. Vichochoro vya Mji Mkongwe hufanana sana usiku, na ramani ya simu huchanganyikiwa kati ya kuta ndefu. Mimi hukariri msikiti, mlango wenye nakshi, duka la vitambaa, baraza yenye wazee. Lakini sharti alama ziwe za vitu visivyohama, kwa sababu wazee wa barazani saa saba za usiku watakuwa wamelala.

Mchana wenyewe usiuhangaikie. Februari ni mwezi wa joto kali, na mtu wa peke yake akizidiwa na jua hana wa kumtazama usoni akamwambia kwamba amebadilika rangi. Kula chakula cha mchana kwa wakati, kunywa maji mengi, kisha lala kati ya saa saba na saa tisa. Wanaokataa usingizi huo ndio utakaowaona saa nne za usiku wameegemea ukuta, macho mekundu, wakihesabu nyimbo zilizobaki.

Kuhusu mavazi, Mji Mkongwe ni mji wa watu wanaoishi na kuswali humo, hivyo funika mabega na magoti. Vaa viatu vya chini vilivyokwisha kuzoea mguu. Mfuko uwe mdogo, wa kuvuka kifuani na wenye zipu, ili kazi ya kuangalia mzigo ifanywe na kamba yake. Ndani yake tia kitambulisho, tiketi, pawabenki, vizibo vya masikio, kanga moja, na noti ndogondogo ambazo nitazieleza baadaye. Kamera kubwa iache nyumbani, kwa kuwa asiye na wa kumshikia kamera hugeuka kuwa mlinzi wake.

Sasa tuje kwenye muziki, ambao ndio uliokuleta. Ratiba ya siku moja inaweza kuwa na vikundi vingi kuliko masikio yako yanavyoweza kubeba, na tamasha hili hujivunia kwamba kila kipigwacho jukwaani hupigwa moja kwa moja, bila kanda ya kufichia makosa. Chagua maonyesho matatu tu ambayo hutakubali kuyakosa: moja la msanii unayemjua, moja la nchi ambayo hujawahi kusikia muziki wake, na moja la nyumbani Zanzibar, liwe taarabu, kidumbaki au ngoma. Mengine yote yaache yaje yenyewe. Hapa ndipo upweke unapolipa, maana hakuna wa kukuvuta mkono mwende kwingine wakati ndio kwanza udi umeanza kusema, wala hulazimiki kuomba radhi ukiamua kuondoka katikati ya wimbo usiokugusa.

Ingia mapema, lango likiwa limefunguliwa na watu wakiwa bado wachache. Zunguka uwanja mzima mara moja ujue vyoo viko wapi, maji yanauzwa wapi, na watu wa huduma ya kwanza wamekaa wapi. Kisha tafuta meza ya fundi mitambo, ile yenye vitufe vingi inayotazamana na jukwaa. Simama karibu nayo, hatua chache nyuma au ubavuni, kwa sababu fundi hupima sauti kwa masikio yake mwenyewe akiwa pale, na asikiacho yeye ndicho bora zaidi kinachopatikana uwanjani. Mahali hapo pana faida nyingine kwa mtu wa peke yake: pana mwanga kidogo, pana wafanyakazi wa tamasha saa zote, na ukitoka kidogo ni rahisi kupaona tena gizani. Dada anayekwenda peke yake atanufaika zaidi na sehemu hiyo, au na ubavu wa familia iliyokuja na watoto na mabibi. Akitokea mtu wa kukuganda kwa maswali, sogea ulipo mwanga bila kumpa maelezo. Kinywaji chochote unachonunua kishike mkononi hadi kiishe, na ukikiweka chini ukageuka, kihesabu kuwa kimekwisha.

Spika zenyewe zikae mbali nawe. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni kwamba sikio huvumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hupungua kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 unabaki na robo saa tu. Mbele ya spika za tamasha kiwango hicho hufikiwa bila taabu. Vizibo vya masikio havikunyimi muziki; huondoa ukali na kukuachia wimbo.

Kwenye ngazi za mawe za ukumbi wa wazi uliomo ndani ya Ngome kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Mawe yale huchomwa na jua mchana kutwa, na jioni bado yana moto wa kukunyanyua ulipoketi. Nilikuwa nimejikunja pale, nusu nimekaa nusu nimechuchumaa, mama mmoja wa makamo aliponitazama akacheka. Nikamwamkia, “Shikamoo mama.” Akaitikia, akakunjua pindo la kanga yake ya pili, akapigapiga mahali palipobaki na kuniambia, “Kaa kitako mwanangu, jiwe bado lina moto.” Tulikaa hapo saa nzima bila kuulizana majina, yeye akinieleza ni nani anapiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na kwa nini fidla ile imechelewa kuingia. Tangu siku hiyo sisafiri bila kanga ya kukalia, na nimejifunza kwamba Unguja salamu ndiyo inayofungua mazungumzo. Ukitaka kuzungumza na jirani, mwamkie kwanza, kisha uliza juu ya ala.

Zile noti ndogo ni za taarabu. Mwimbaji anapofikia ubeti unaomchoma msikilizaji, watu huinuka mmoja mmoja, huenda mbele kwa mwendo wa madaha na kumtunza. Noti ya elfu moja au elfu mbili yatosha. Mgeni aliye peke yake huona haya, akidhani kila jicho litamwangukia, na kwa kweli litamwangukia kwa sekunde tatu, kisha litarudi kwa mwimbaji. Inuka wakati wengine wanainuka, usikimbie, usisimame kumzibia, na urudi mahali pako kwa mwendo uleule.

Chakula cha jioni ukile Forodhani kabla ya jua kuzama, yaani kabla ya saa moja kasorobo hivi, wakati wapishi wanawasha majiko na foleni bado hazijaota. Bakuli la urojo wenye bajia na mishikaki, na juisi ya miwa, vitakusimamisha hadi usiku. Uliza bei kabla hakijatiwa kwenye sahani. Pweza na kamba waliopangwa mezani watazame kwa makini, kwani tumbo likivurugika ukiwa peke yako, chumba cha wageni huwa kirefu sana. Ukitaka kutoka nje baada ya kuingia tamashani, hakikisha kwanza kwa watu wa langoni kwamba utaruhusiwa kurudi.

Kabla hujaondoka chumbani mwambie mwenye nyumba ya wageni saa unayotarajia kurudi, na umtumie ndugu mmoja ujumbe wenye jina la nyumba hiyo. Usiku ondoka dakika chache kabla ya wimbo wa mwisho au pamoja na wimbi la watu, usingojee uwanja ubaki na wafagiaji. Simu iwe mfukoni, fuata alama zako ulizozikariri, na ukiona kundi linaelekea upande wako, sema nao salamu na mwende pamoja.

Tiketi ya boti ya kurudi usiikate ya asubuhi na mapema. Niliwahi kufanya hivyo kwa kubana matumizi, nikapanda boti masikio yakivuma na usingizi wa saa mbili kichwani, na bahari ya Februari, pepo za kaskazi zinapovuma, haina huruma na tumbo la mtu wa namna hiyo. Kata ya mchana, ulale mpaka saa tatu, kisha upite barazani unywe kahawa chungu kwa kashata, ambako wazee watakuuliza nani aliimba vizuri jana.