Kuunda mchezo wa vita vya angani unaosogea wima: anza na ardhi, si na chombo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua kuandika programu ndogo, anayeweza kuonyesha picha kwenye skrini na kusoma vitufe, na ambaye sasa anataka kuunda mchezo kamili wa vita vya angani, ule ambao ardhi huteremka kutoka juu ya skrini kwenda chini huku chombo cha mchezaji kikionekana kusonga mbele. Sitategemea injini yoyote mahususi, yaani programu iliyotayarishwa ya kuundia michezo, kwa kuwa hatua zote zinawezekana katika lugha yoyote inayoweza kuchora picha mara 60 kwa sekunde.

Kielelezo nitakachokirejea mara kwa mara ni Xevious, mchezo wa kampuni ya Namco ya Japani uliobuniwa na Masanobu Endo na kuingia kwenye mashine za kutumbukiza sarafu mwishoni mwa mwaka 1982, kisha ukasambazwa Marekani na Atari. Space Invaders ya Taito, ya mwaka 1978, na Galaxian ya Namco yenyewe, ya mwaka 1979, ziliwapanga maadui mbele ya anga tupu au nyota chache. Xevious iliweka misitu, mito, barabara na hata michoro ya kale ya Nazca nchini Peru chini ya chombo, ikaifanya ardhi kuwa uwanja wa pili wa mapambano. Katika michezo yangu miwili ya kwanza nilianza kwa kuchora chombo na kupanga maadui, nikaichagua kasi ya ardhi mwisho kabisa, na mara zote mbili nililazimika kupanga upya kila kitu. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio ufuatao.

Hatua ya 1: Skrini na mapigo ya mchezo

Tumia skrini ya upana wa pikseli 224 na urefu wa pikseli 288, kipimo kilekile cha Xevious, kisha ikuze kwa namba kamili ili pikseli zisiharibike umbo. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 1080, ukikuza mara 4 utapata mchezo wa 896 kwa 1152, na chini yake itabaki nafasi ya kutosha kwa kidole gumba kinachoongoza chombo bila kuwafunika maadui. Simu iliyosimamishwa wima inaufaa mchezo wa aina hii kuliko skrini pana ya kompyuta, na ningemshauri anayeanza aitumie fursa hiyo.

Mchezo uende kwa hatua zisizobadilika, yaani kila hatua iwe sekunde 1/60, hata kama kifaa kinachora haraka au polepole zaidi:

akiba = akiba + muda_uliopita
wakati akiba >= 1/60:
    piga_hatua
    akiba = akiba - 1/60
chora

Katika Space Invaders, mashine ya Tomohiro Nishikado, mbunifu wa mchezo huo, ilimsogeza adui mmoja tu katika kila fremu, hivyo kundi la maadui 55 lilitambaa taratibu mwanzoni na kuongeza kasi kadiri lilivyopungua. Nishikado aliuacha ukomo huo wa mashine ubaki kuwa sehemu ya mchezo, na ulikuwa uamuzi mzuri sana. Leo, hata hivyo, mchezo wako utachezwa kwenye vifaa vya nguvu tofauti, na kasi ikitegemea kifaa, kila mchezaji atakuwa anacheza mchezo mwingine.

Hatua ya 2: Ardhi

Hapa ndipo inapofaa kutumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Gawanya ardhi katika vigae vya pikseli 8 kwa 8, ambapo skrini itabeba vigae 28 kwa upana na 36 kwa urefu, na uihifadhi ramani kama jedwali la namba, kila namba ikitaja kigae chake. Jedwali la vigae 28 kwa 256 linatoa eneo lenye urefu wa pikseli 2048.

Kisha weka kigeu kimoja tu kiitwacho umbali, ambacho huongezeka kwa 0.5 katika kila hatua. Hiyo ni pikseli 30 kwa sekunde, kwa hiyo skrini nzima hupita kwa sekunde 9.6 na eneo zima kwa takriban sekunde 68. Kabla hujaendelea, itazame ardhi peke yake ikipita, bila chombo wala adui, kwa dakika kadhaa. Ikikuchosha, ibadilishe kasi au ramani sasa hivi, kwa sababu hakuna adui atakayeiponya baadaye. Weka mto unaokuja na kupinda, barabara inayoelekea mahali fulani, msitu unaofunguka ghafla na kuonyesha ngome. Jicho la mchezaji litaanza kusubiri kinachofuata, na kusubiri huko ndiko kunakoubeba mchezo.

Endo alifanya jambo la werevu ambalo lingali na manufaa leo. Maeneo 16 ya Xevious yamekatwa kutoka ramani moja kubwa, kila eneo likiwa ukanda wa wima wenye nafasi yake katika upana wa ramani hiyo, na mpaka kati ya eneo na eneo hufichwa na msitu. Kwa njia hiyo, kumbukumbu ndogo ilitoa safari ndefu. Nawe unaweza kuchora ramani moja yenye upana wa skrini nne au tano na kukata humo kanda zinazopishana kiasi, ili mchezaji aione pwani ileile akiwa upande mwingine na ahisi kwamba anasafiri katika nchi iliyo kweli.

Kuna kosa dogo ambalo huharibu kazi nzuri. Kwa kuwa umbali una nusu, usiruhusu ardhi ikadirie kwa namna yake na ngome zilizo juu yake zikadirie kwa namna nyingine. Ondoa desimali mara moja mwanzoni mwa kuchora, na namba hiyo kamili itumiwe na vyote viwili. Vinginevyo ngome zitaonekana zikitetemeka juu ya udongo.

Hatua ya 3: Vitu vya ardhini na vya angani

Kila kitu cha ardhini kihifadhi pahali pake katika ramani, si kwenye skrini. Ikiwa pahali hupimwa kutoka mwanzo wa eneo, nafasi yake ya wima ni tofauti ya namba mbili tu:

y = umbali - pahali

Kitu hujitokeza juu ya skrini pale umbali unapolifikia pahali, na kinaondolewa y inapozidi 288 pamoja na kimo chake. Vyombo vya angani, kinyume chake, viishi katika vipimo vya skrini, kwa sababu huruka bila kufungwa na ardhi.

Orodha ya kuwatoa maadui wote, hata wa angani, iendeshwe na umbali na si saa. Ukiandika kwamba kundi la vyombo vitano litokee umbali ukifika 640, kundi hilo litatokea juu ya daraja lilelile daima, hata siku utakapoamua kuongeza kasi ya ardhi.

Hatua ya 4: Chombo na silaha mbili

Chombo cha pikseli 16 kwa 16 kisogee pikseli 2 kwa hatua, na kinaposogea mshazari zidisha kila upande kwa 0.707 ili kisiwe na kasi zaidi kwenye pembe. Kisiteleze kabla ya kusimama. Mchezaji akiachia, chombo kisimame.

Chombo cha Xevious, kiitwacho Solvalou, kina silaha ya kupiga angani na bomu la kupiga ardhini, na mbele yake huelea alama ya shabaha inayomweka inapopita juu ya kitu cha kulipuliwa. Alama hiyo ni funzo kubwa la ubunifu: mchezaji huelewa silaha ya pili bila kusoma neno hata moja. Iweke pikseli 96 mbele ya chombo. Bomu likichukua hatua 30 kufika, ardhi itakuwa imeteremka pikseli 15, na hapo lazima uamue litapiga wapi. Mimi hulihifadhi lengo katika vipimo vya ramani papo hapo kitufe kinapobonyezwa, kisha alama iliyoachwa huteremka pamoja na ardhi mpaka bomu lifike. Mchezaji hupiga kile alichokiona alipobonyeza, na hilo ndilo analolitarajia. Ruhusu bomu moja tu angani kwa wakati mmoja, ili kila bomu liwe uamuzi.

Hatua ya 5: Maadui na risasi zao

Tengeneza mapema orodha ya nafasi 64 za risasi za maadui, nafasi 4 za risasi za mchezaji na nafasi 24 za maadui, kila nafasi ikiwa na alama ya kuonyesha kama iko hai. Usiunde vitu vipya wakati wa mapigano, kwa sababu katika lugha nyingi kumbukumbu iliyoachwa hukusanywa wakati usioutaka, na mchezo husita pale ambapo mchezaji anahitaji ulaini zaidi.

Risasi inayomlenga mchezaji hupatikana kwa kutoa nafasi ya adui kutoka nafasi ya chombo, kupata urefu wa tofauti hiyo kwa kipeuo cha pili, kugawanya kwa urefu huo na kuzidisha kwa kasi. Kasi ya pikseli 1.5 kwa hatua inafaa kwa kuanzia. Ongeza masharti mawili: adui aliye karibu kuliko pikseli 64 asifyatue, na adui aliyeshuka chini ya chombo asifyatue kamwe. Bila masharti hayo mchezaji atakufa kwa risasi ambayo hakuwa na muda wa kuiona.

Mienendo ya maadui isiwe mingi. Aina sita zinazotambulika kwa umbo zinatosha kwa eneo la kwanza. Katika Xevious chombo cha Toroid humjia mchezaji kisha hugeuka na kukimbia, huku Bacura, bamba linalozunguka, halivunjiki kwa risasi yoyote na humlazimu mchezaji kulikwepa. Vitu hivyo viwili huibua tabia mbili tofauti kabisa, na ndicho kipimo ninachokitumia: adui mpya asiyebadilisha namna mchezaji anavyosogea hahitajiki.

Risasi ziwe ndicho kitu king'aavyo kuliko vyote kwenye skrini. Niliwahi kuchora jangwa la rangi ya mchanga mkavu na risasi za manjano hafifu, na kila aliyejaribu mchezo alikufa palepale bila kujua kilichompiga. Punguza ukali wa rangi za ardhi hadi risasi zionekane ukiwa umeishika simu mbali na macho.

Hatua ya 6: Migongano

Kisanduku cha mgongano cha chombo kiwe kidogo sana kuliko picha yake, tuseme pikseli 4 kwa 4 katikati, na visanduku vya maadui viwe vikubwa kidogo kuliko picha zao. Tofauti hiyo huwa upande wa mchezaji, naye huihisi kama ustadi. Michezo ya Kijapani iliyojaza skrini kwa mamia ya risasi, kuanzia Batsugun ya Toaplan ya mwaka 1993, isingechezeka bila visanduku vidogo vya namna hii.

Risasi 4 dhidi ya maadui 24 ni ulinganisho 96, na risasi 64 dhidi ya chombo kimoja ni 64 zaidi. Kwa kiasi hicho huhitaji mbinu yoyote ya kugawanya skrini. Hakikisha tu kwamba kasi ya risasi ikijumlishwa na ya adui kwa hatua moja haizidi kimo cha adui, la sivyo risasi itamruka.

Hatua ya 7: Ukali na kifo

Xevious hupima uhodari wa mchezaji na kuleta maadui wagumu zaidi kwa anayecheza vizuri. Fanya hivyo kwa kigeu cha ukali kati ya 0 na 15, kinachoongezeka kwa 1 kila baada ya sekunde 15 za kuwa hai na kushuka kwa 4 mchezaji anapokufa. Orodha yako ya hatua ya 3 iseme ni mahali gani kundi litokee, na ukali useme ni kundi lipi.

Kuhusu kifo, kanuni ya Endo ni ya huruma na ya busara: aliyekwisha kupita asilimia 70 ya eneo huanza eneo linalofuata, na aliye chini ya hapo hurudi mwanzo wa eneo lake. Msitu ulio mpakani humpa kila anayerejea sekunde chache za utulivu.

Hatua ya 8: Kurekodi na kujaribu

Kwa kuwa hatua hazibadiliki, na ukianzisha namba nasibu kwa mbegu (namba ya kuanzia) inayojulikana, mchezo mzima unaweza kurudiwa kutokana na vitufe pekee. Baiti 1 kwa hatua inatosha, yaani baiti 3600 kwa dakika. Mpe simu mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo, usimweleze lolote, kisha yatazame marudio yake peke yako na usimamishe kwenye kila kifo. Rudi nyuma hatua 40 na uitafute risasi iliyomuua: kama haikuwa kwenye skrini wakati huo, au ilikuwa imefunikwa na mlipuko, fungua orodha ya eneo hilo na umsogeze adui aliyeifyatua.